Punje za Ulezi Shingoni

Kama umejitazama kwenye kioo leo ukaziona, chini ya macho au shingoni, vipunje vidogo vigumu visivyouma, rangi yake ile ile ya ngozi yako, basi kaa chini kwanza. Usipige kelele. Usitafute mwiba wa kutumbulia. Kama wewe ni mtu wa kwetu, tia kahawa ya kutafuna mdomoni, punje mbili tatu, usome haya. Nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mwanangu Asimwe, anayesoma shule ya misheni, amenisahihisha herufi huku akinicheka. Mimi nilizipata kabla yako. Ninazo hata sasa.

Nilizaliwa Kanoni, katikati ya migomba na mibuni, nikaolewa Isingiro kwa wafugaji. Pande zote mbili tulikuwa Wakristo, kwa hiyo kanisani hapakuwa na neno. Neno lilikuwa jikoni. Kwetu Kanoni mtu asipokula maharage huhesabu kwamba siku hiyo hakula. Kwa mume wangu Katabarwa chakula ni maziwa, na vingine vyote ni vya kupitishia muda. Tena wana mwiko wao: aliyekula maharage hanywi maziwa mpaka kuche. Ukichanganya, ng'ombe ndiye anayeumia, chuchu zake hutoka vipele na maziwa yake huingia damu. Na maziwa hayamwagwi. Tone likidondoka kwenye mkeka, mama mkwe wangu alilifuta kwa kidole na kukilamba, uso wake mzito kama wa mtu aliye kwenye meza ya Bwana.

Huyo mama mkwe, watu wote walimwita Mama Katabarwa. Alikuwa mrefu, mkimya, anatembea taratibu kama anayesikiliza kitu kinachopita mbali. Jina lake hasa sikulijua kwa muda mrefu, wala sikuwahi kusikia mtu akilitamka.

Punje zenyewe nilikuwa nazo chache tangu usichana, chini ya macho. Mama yangu mzazi alisema ni machozi niliyoyalia utotoni yakagoma kuondoka, maana nilikuwa mtoto wa kulia. Nilipopata mimba ya Asimwe zikaongezeka. Zikashuka shingoni, zikaingia kifuani, zikafika makwapani. Ukipitisha kidole ungedhani nimejipaka siagi kisha mtu akanimwagia ulezi. Hazikuuma. Kwenye joto ziliwasha kidogo, basi.

Asimwe alizaliwa wakati wa masika, mwaka ule ambao wanaume waliokwenda vitani walikuwa wamesharudi wote wa kurudi. Ile miezi ya mwanzo naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto nzuri baada ya kuamshwa. Mvua juu ya nyasi za paa. Harufu ya vyanzi, vile vyombo vya mti vya kuwekea maziwa, vikifukizwa moshi wa majani. Mimi nimeegemea nguzo, mtoto yuko kifuani, ananyonya na kusinzia, anazinduka na kunyonya tena, na siku inapita hivyo hivyo bila kunidai kitu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na sioni haya kusema.

Kiangazi kikaingia. Katabarwa na wenzake wakawapeleka ng'ombe mbali, kwenye majani ya bondeni upande wa mto Kagera, wakatuachia wachache wa maziwa ya nyumbani. Siku moja mchana, jua kali, nilikuwa nimemaliza kusuka maziwa kwenye kibuyu. Ni kazi ya kutoa jasho, kukitikisa kibuyu mpaka siagi ishikane. Majirani wawili walikuwa wamekuja kumwona mtoto. Mama mkwe akanishika kidevu, akanigeuzia mwangani.

"Mkamwana, jana ulikula nini?"

"Maziwa, Mama."

"Na nini?"

"Maziwa tu."

"Na ulipokwenda Kanoni kumwonyesha mtoto?"

"Huko nilikula maharage, Mama. Lakini kwetu hakuna hata ng'ombe mmoja. Maziwa ya kuchanganya ningeyapata wapi?"

Wale majirani wakacheka. Yeye hakucheka. Alifungua kanga yangu kifuani, akatazama, akapitisha kidole pale penye ulezi. Kidole kikaganda hapo hapo. Nikafikiri ni hasira. Mmoja wa wale majirani akainuka akasema kwaheri kabla ya kupewa kahawa, na kwetu mgeni haondoki kabla ya kahawa.

"Waitu, jamani," yule wa pili akanong'ona, "hizo si za maharage. Hizo ni ebibembe."

Ebibembe ni ukoma. Neno hilo kwetu halitamkwi ndani ya nyumba yenye mtoto.

Mama mkwe akanyoosha mikono. "Nipe Asimwe."

Nilimpa. Watu huniuliza mbona sikupigana. Ningepigana vipi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeogopa? Kama ni ukoma kweli, basi kila nilipomnyonyesha nilikuwa nikimtilia sumu kinywani. Nilimpa mwanangu kwa mikono yangu miwili, naye akanitazama akicheka, akidhani ni mchezo.

Wakanijengea kibanda nyuma ya zizi la ndama. Mbele ya mlango, pale mkono unapofika, palikuwa na jiwe bapa, na hilo ndilo lililokuwa mpaka wangu. Chakula kiliwekwa juu ya jiwe: viazi, ndizi, wakati mwingine maharage, maana sasa sikuwa tena mtu wa maziwa. Mgonjwa wa ebibembe akinywa maziwa, ng'ombe hukauka. Mama mkwe alileta chakula yeye mwenyewe, hakumtuma mtu. Alikiweka, akarudi nyuma mpaka kwenye uzio, akasimama. Hakuondoka mpaka auone mkono wangu umetoka na kukichukua. Siku nyingine nilichelewa makusudi, kwa hasira tu, nione kama atachoka. Hakuchoka. Nikamwona kama askari wa gereza, nikamchukia.

Kisha yakaja mafusho. Kila siku, jua likishapanda, chungu cha majani yanayochemka kiliwekwa juu ya jiwe, nami nikakivuta ndani, nikaamriwa kujifunika mablanketi mawili na gome la mtumba, lile vazi la zamani la gamba la mti. Ndani mle hakuna juu wala chini. Kuna mvuke na giza jekundu na moyo wako mwenyewe unaodunda masikioni. Nilitokwa jasho mpaka nikasahau jina langu. Niliota mchana kweupe, macho yakiwa wazi. Niliota mimi ni kibuyu cha kusukia maziwa, ninaning'inia kwa kamba, mtu ananitikisa taratibu, na ndani yangu mtoto anacheka kila ninapokwenda na kila ninaporudi. Nilitamani asiache kunitikisa.

Nilipojifunua, punje zilikuwa zimevimba na kung'aa, zingine zimekuwa kubwa mara mbili.

"Unaona," mama mkwe alisema kutoka kwenye uzio. "Ugonjwa unaijibu dawa. Unatoka."

"Mama, asubuhi huwa zimelala. Ukungu ukiwa bado kilimani huzioni hata kuziona. Ni chungu chako kinachoziamsha."

"Ndiyo kazi yake kuziamsha."

Mtu akishaamini, kila unachomwonyesha kinakuwa ushahidi wake. Chungu kikaongezwa majani. Nikajaribu na mwiba pia, naungama. Nilitumbua moja shingoni nikitumaini itatoka usaha na mambo yaishe. Ilitoka damu tu. Kovu lake lipo mpaka leo, na ndilo kovu pekee ugonjwa huu ulionipa, tena nilijipa mwenyewe.

Lakini nilichoogopa kuliko vyote si punje. Ni maziwa yangu. Mwanamke aliyenyonyesha anajua: usiponyonywa, kifua kinajaa, kinauma, kinawaka, kisha kinaanza kukata tamaa. Yakikauka, hata wakija kuniambia mimi ni mzima, nitampa mwanangu nini? Basi niliyakamua. Asubuhi na jioni, kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. Mara ya kwanza nilikaa nacho mkononi sijui nikifanyeje. Kumpelekea mtoto hawataki. Kumwaga siwezi, maziwa hayamwagwi, na mimi sasa nilikuwa mtu wa nyumba ile hata kama nyumba yenyewe ilikuwa imenitoa. Nikayanywa. Yalikuwa matamu na ya uvuguvugu. Hayo ndiyo maziwa pekee niliyokuwa nimeruhusiwa duniani, na nilikunywa nikilia, huku nusu yangu ikicheka.

Wema ulikuwepo, mdogo mdogo. Wifi yangu Kengonzi, msichana aliyepewa kazi ya kumlisha Asimwe maziwa ya ng'ombe kwa kibuyu kidogo, aligundua kwamba mtoto hawezi kulala isipokuwa akibembelezwa upande wa zizi la ndama. Hivyo ndivyo alivyomwambia mama yake. Kila alasiri alikuja na kukaa upande wa pili wa uzio, mgongo wake umenielekea, akiimba. Hakunisemesha hata neno moja, maana alikatazwa. Lakini katikati ya wimbo alikuwa akiingiza habari: mtoto ameota jino, mtoto amekula uji, mtoto amekohoa lakini amepona. Mwanangu alipolia, maziwa yalichuruzika yenyewe yakalowanisha kanga yangu. Mwili haukuwa umesikia kwamba tumetenganishwa.

Mvua za kwanza zilipopiga, wanaume wakarudi na ng'ombe. Nilimsikia Katabarwa kabla ya kumwona. Ana mluzi wake wa kuita ng'ombe. Baadaye akaja nyuma ya zizi mbio mbio, fimbo bado iko mkononi.

"Mama Asimwe, wamekufanya nini?"

"Ndiyo kwanza unauliza? Mimi nilidhani umeoa huko bondeni."

Akaja moja kwa moja. Sauti ya mama yake ikatoka kwenye uzio: "Katabarwa! Usivuke jiwe!"

Akasimama. Mguu mmoja ulikuwa tayari hewani. Nasema kweli, mafusho sikuyalia kama nilivyoulilia mguu ule. Aliurudisha chini upande wake. Lakini akachuchumaa pale pale, akanitazama kwa muda, mvua ikimwanguka kichwani. Kisha akasema bila kugeuka, "Mama, kesho tunakwenda hospitali ya misheni. Wao ndio wanaoujua ukoma. Wakisema ndio, nitakubali. Wakisema sio, kibanda hiki nakichoma kwa mkono wangu."

Mama mkwe akaushika uzio kwa mikono miwili.

"Nami nitakwenda," akasema. "Mtoto nitambeba mimi. Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Tulitembea mpaka Nkwenda, Katabarwa mbele, mama mkwe katikati na Asimwe mgongoni, mimi nyuma kwa mbali nimejifunika uso. Njia nzima nilikuwa nikitazama kichwa cha mwanangu kikicheza juu ya bega lile. Nywele zilikuwa zimekua. Nkwenda tulipata lori la wanunuzi wa kahawa. Dereva alimtazama mwanamke aliyejifunika, akasema huyo akae juu, kwenye magunia. Alidhani ananinyanyasa. Huko juu upepo ulikuwa baridi, vilima vinakuja na kuondoka ndani ya ukungu, harufu ya kahawa kavu imenizunguka, na punje zangu zikalala moja baada ya nyingine. Nikasinzia. Nadhani nilitabasamu.

Hospitalini tulikaa kwenye baraza. Kuna benchi refu pale, na unajua jinsi benchi lilivyo: watu wakiuona uso wako wanakuwa wembamba ghafla, wanasogea. Pembeni yangu pakabaki nafasi ya watu watatu. Kisha akaja mwanamke mmoja mnene, mke wa mfanyabiashara, wale waliohamia kutoka Muleba, mguu umefungwa kitambaa. Akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, dada," nikamwambia.

"Marahaba. Sogea basi, benchi umelirithi?"

Akajitupa kando yangu, paja lake likabana langu. Akafungua kikapu, akanipa ndizi ya kuchoma iliyovunjwa katikati, nusu yake, nusu yangu. Hakuna mtu aliyekuwa amenigusa tangu nilipomtoa Asimwe mikononi. Sikumbuki jina lake. Ujoto wa paja lile naukumbuka.

Daktari alikuwa mzungu, mwanamke mfupi, Kiswahili chake kinapanda kama baiskeli mlimani. Dresa, yaani msaidizi wake, alisimama kutafsiri. Mama mkwe akaingia nasi, Asimwe mgongoni, akasimama ukutani. Daktari akanigusa punje zote kwa kidole kitupu, bila kunawa kwanza wala baadaye. Nikamwona mama mkwe anakifuata kile kidole kwa macho.

"Funga macho. Ukisikia, sema."

Alikuwa na unyoya wa kuku. Ukapita chini ya jicho. "Hapo." Shingoni. "Hapo." Kifuani, kwapani, nyuma ya mkono, "hapo, na hapo, na hapo." Nikaanza kucheka kwa kutekenywa. Daktari naye akacheka. Kisha akakwangua kidogo kwenye ndewe ya sikio, akapaka kwenye kioo chembamba, akasema jibu ni kesho asubuhi.

Kuna kungoja kwa aina nyingi, na mimi sasa ni fundi. Kule kibandani ilikuwa kungoja kwa ndotoni, siku zinayeyuka. Kungoja jibu hakukuwa hivyo. Kila kitu kilikuwa wazi mno: mstari wa sisimizi ukutani, kishikizo kilichokatika cha dresa, mwanangu akinyweshwa kibuyu upande wa pili wa baraza na kunitazama mimi kama anavyomtazama mgeni. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikajikamua, nikanywa.

Asubuhi tukaitwa.

"Hakuna ukoma," daktari akasema. "Nimetafuta vizuri. Hizi ni vinundu vya jasho. Pale jasho linapotoka kwenye ngozi, nyama kidogo imeota. Joto linaziamsha, baridi linazilaza. Haziui. Haziambukizi. Wengine wanazo mtu na dada yake, mama na mtoto."

"Dawa yake?" Katabarwa akauliza.

"Hakuna. Zitabaki. Msimfukize, msimchome. Mwacheni tu."

Mimi nilitaka kuuliza lile moja tu, lakini nilitanguliwa. Aliyeuliza ni mama mkwe, kutoka ukutani.

"Na mtoto? Anyonye?"

Dresa akatafsiri. Daktari akageuka kumtazama, kisha akanitazama mimi, kanga yangu imelowa mbele.

"Kwani nani alimkataza?"

Mama mkwe alikuwa anaifungua mbeleko polepole, lakini akasita, mkono uko kwenye fundo.

"Mwulize tena. Mtu aliyekuwa nazo hizi tu. Usoni na shingoni. Vidole vyote kumi anavyo, pua anayo, anahisi moto, anahisi baridi. Huyo je?"

Dresa akauliza. Daktari akasema, "Huyo pia hakuwa na ukoma. Yuko wapi? Mleteni nimwone."

Mama mkwe akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. Hakulia kwa sauti. Alinipa Asimwe akiwa amekaa vile vile, akimwinua kwa mikono miwili, kama mimi nilivyomtoa.

Ningependa kuandika kwamba mwanangu alilirukia ziwa. Alilikataa. Alinusa, akageuza uso, akamlilia bibi yake mwenye kibuyu. Niambieni maumivu gani yanalingana na hayo. Nikampakata njia nzima ya kurudi, juu ya magunia matupu ya kahawa, sasa sisi wanawake wote huko juu, Katabarwa mbele kwa dereva. Mama mkwe alikuwa amekaa kinyume na mwendo, anatazama barabara inavyotuacha. Kisha akaanza kusema, bila kuulizwa.

"Jina langu ni Nyangoma."

Kwetu Nyangoma ni pacha, yule anayetangulia. Anayefuata huitwa Nyakato. Sikuwahi kusikia habari ya Nyakato yeyote.

"Hatukufanana," akasema. "Mimi mrefu, mweusi. Yeye mfupi, mweupe, mcheshi kama wewe unavyojibu ovyo. Tulipovunja ungo, zikamtoka chini ya macho, kisha shingoni. Wakamtenga chini kwenye mafunjo. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Nilikiweka kwenye jiwe na kugeuka papo hapo, maana mama alisema nikimtazama zitanihamia kwa macho. Aliniuliza mgongoni kila siku, 'Nyangoma, leo umeniletea maziwa?' Nilimletea viazi."

Lori likaruka shimo. Akashika gunia.

"Siku moja nikakuta viazi vya jana bado vipo. Nikaweka vya leo juu yake. Kesho yake pia nikaweka. Niliogopa kutazama kibandani. Ndiyo maana wewe, mwanangu, nilikungoja mpaka nione mkono."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa kibandani ya kumtupia siku nitakayoshinda kesi yangu. Yote yalinitoka. Nilisema tu, "Mama," na sikuendelea, kwa sababu wakati huo huo nilisikia kitu shingoni. Asimwe, katikati ya usingizi na kuamka, alikuwa amezipata punje. Vidole vyake vilikuwa vinazipapasa, hii, hii, na hii, kama alivyokuwa akifanya zamani za masika na mimi sikuwa nimetambua. Vidole vilikumbuka kabla ya kinywa. Akageuza kichwa, macho yamefumba, akanyonya. Maziwa yalikuwepo.

Katabarwa alikichoma kibanda jioni ile ile kama alivyoahidi. Kuhusu ule mguu wake uliorudi nyuma, nilimtania miaka mingi mpaka akaomba radhi mbele ya shemeji zangu. Maharage nayala siku moja, maziwa siku nyingine, na ng'ombe wetu wako salama. Punje hazikupungua hata moja. Wapo wanaozitazama na kusogea kwenye benchi la kanisa, ninajitanua. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiziona, nenda ukaguswe na mtu anayejua. Ukikuta ngozi inahisi unyoya, inahisi moto, na punje zinaamka na jua na kulala na ukungu, rudi nyumbani ukanyonyeshe. Na kama aliyezipata ni mkamwana wako au binti yako, mpe kwanza maziwa anywe, ndipo uulize.

Limebaki moja. Msimu wa senene ulipoanza, wale panzi walipokuwa wakianguka na kumeta juani, mama mkwe alikuja asubuhi, ukungu bado haujainuka. Alikuwa amebeba kyanzi, kimejaa, maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, yule ambaye hakuruhusu mtu mwingine kumgusa. Akamimina kidogo kwenye kikombe, akanipa ninywe mbele ya wote waliokuwepo uani. Nikanywa. Kisha akasema, "Mbebe mtoto, unisindikize."

Tulivuka kilima cha kwanza, tukashuka cha pili, mpaka kwao alikozaliwa, chini kwenye mafunjo. Hapakuwa na kibanda, hata alama ya nguzo. Jiwe lilikuwepo. Alilisafisha nyasi kwa mkono, akapiga magoti. Yeye, aliyekuwa akilamba tone lililodondoka mkekani, akakiinamisha kyanzi na kuyamwaga maziwa yote juu ya jiwe, taratibu, mpaka chombo kikawa kitupu.

"Nyakato," akaita. "Nimeleta."

Kisha akarudi nyuma hatua chache, akasimama akitazama pale pale, kama alivyokuwa akiningoja mimi. Asimwe alikuwa anapapasa shingo yangu. Tukangoja naye.